Siku ya Kuketi Chini

Kabla sijaanza, namwomba kila msomaji aangalie vizuri yuko nchi gani. Akishahakikisha, aendelee kusoma kwa amani, kwa sababu hadithi hii si ya nchi hiyo. Ni ya nchi nyingine kabisa. Jina lake nimekatazwa kulitaja, na aliyenikataza naye nimekatazwa kumtaja.

Nilikuwa karani wa serikali ya nchi hiyo kwa miaka ishirini na miwili, kwa hiyo msinitilie shaka. Karani hasemi uongo. Uongo una idara yake, yenye mkurugenzi na magari mawili, na mimi sikuwahi kuhamishiwa huko ingawa niliomba mara tatu.

Nchi yetu ilikuwa jamhuri. Kila baada ya miaka mitano tulipiga kura, na kila tulipopiga Mtukufu Rais alishinda kwa asilimia tisini na nane. Zile mbili zilizobaki zilimkosesha raha. Alizitafuta mjini, akazitafuta vijijini, akazitafuta hata katika ukoo wa mkewe. Mara ya sita akapata asilimia mia moja na tatu. Tulishangilia mpaka sauti zikatukauka, lakini yeye alibaki mnyonge.

"Nimechoka," aliliambia Baraza la Mawaziri. "Kila miaka mitano naomba kitu ambacho tayari ni changu. Hivi kuna baba anayepigiwa kura na watoto wake?"

Mawaziri walijibu kwa pamoja kwamba hayupo. Mheshimiwa Bakilana, Waziri wa Sherehe, alilia, kisha akainua uso kutazama kama ameonekana akilia. Alikuwa ameonekana.

Jumapili iliyofuata Mtukufu alikwenda kanisani, maana ilikuwa zamu ya kanisa. Ijumaa ya wiki ile alikuwa msikitini. Mhubiri akasema kwamba Mungu ni Mfalme wa wafalme. Mtukufu akasimama katikati ya ibada.

"Umesema wafalme?"

"Ndiyo, Mtukufu," mhubiri akajibu.

"Hakuna mahali anapoitwa Rais wa marais?"

"Sijawahi kupaona, Mtukufu. Lakini naweza kutafuta."

"Usitafute," akasema, akaketi akitabasamu. Jumatatu asubuhi ikaundwa Tume ya Tafakari ya Kiroho Juu ya Ufalme wa Kale na Serikali Aipendayo Mwenyezi Mungu. Jina lilikuwa refu kiasi kwamba kibao cha mlangoni kilibidi kiwe viwili. Mimi nikateuliwa kuwa karani wake.

*

Tume ilikuwa na wajumbe watatu. Wa kwanza ni Askofu Mkuu Filemoni, mtu mnene mwenye sauti nzuri, ambaye alikuwa amebariki kila kitu cha serikali, kuanzia madaraja hadi mabomu ya machozi. Wa pili ni Nabii Ushindi, mwenye viatu vyeupe na kanisa lenye viti vya kuzunguka. Wa tatu ni Sheikh Nasoro, mzee mwembamba aliyewekwa ili isisemwe kwamba hakuwekwa.

Walipelekwa kwenye nyumba ya wageni ya serikali kule mlimani, wakafunge na kutafakari. Na kweli walifunga. Hawakutia chochote kinywani kati ya mlo mmoja na mwingine. Milo ilikuwa minne.

Mpishi wao aliitwa Bi Nyakwesi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, asiye na maneno mengi. Mumewe, Mwalimu Tegete, alikuwa akifundisha historia. Miaka saba kabla ya siku hizo watu wanne waliingia darasani kwake wakamwambia wanamhitaji kwa dakika tano. Akatoka nao, chaki ingali mkononi. Tangu siku hiyo Bi Nyakwesi alikuwa akiandikia ofisi yetu barua kila mwezi, akiuliza swali moja tu: mume wangu yuko wapi? Aliyekuwa akijibu ni mimi. Nilikuwa nimechongesha muhuri wa jibu, "Suala lako linashughulikiwa," nikawa nagonga na kutia sahihi. Nasema ukweli wangu: nilipomkuta jikoni siku ile ya kwanza, niliona aibu mpaka nikashindwa kuomba chai.

Tafakari zikaanza. Askofu Mkuu ndiye aliyefungua.

"Ndugu zangu, tutazame mbinguni. Je, mbinguni kuna uchaguzi? Hakuna. Kuna vyama vingi? Hakuna. Malaika mmoja tu alijaribu kufanya kampeni, na nyote mnajua alikotupwa."

"Amina!" Nabii Ushindi akapiga meza. "Mimi nimeoneshwa usiku wa jana. Nimeona kiti cha dhahabu, na aliyekikalia alikuwa na miwani kama ya Mtukufu."

"Miwani ya kusomea au ya jua?" Askofu Mkuu akauliza, maana alikuwa mtu makini.

"Ya jua."

Nikaandika: ya jua.

Sheikh Nasoro alikuwa akivuta tasbihi muda wote. Akaombwa atoe neno la kukubaliana.

"Firauni naye alikuwa mfalme," akasema.

Askofu Mkuu akaeleza, kwa upole wa mtu anayemrekebisha mgonjwa, kwamba Firauni hakuangushwa na ufalme, aliangushwa na ushauri mbaya wa wataalamu wake wa maji.

"Na Namrudi?" Sheikh akaendelea. "Ndugu zangu, wafalme wa kale walikuwepo wema na walikuwepo madhalimu, na wote walikalia viti vya namna moja. Mwenyezi Mungu hatatuuliza kiti kilikuwa cha namna gani. Mimi nauliza jambo moja: mjane akimwendea aliyekikalia, akamuuliza swali, anajibiwa au anapigwa? Kama anajibiwa, iteni serikali hiyo jina mnalotaka."

Katika kumbukumbu za kikao niliagizwa niandike hivi: "Sheikh Nasoro alikohoa kwa muda mrefu." Nilipoinua kichwa nikamwona Bi Nyakwesi amesimama mlangoni na sinia la maandazi, hakuingia wala hakutoka.

Siku ya tatu Tume ikafikia uamuzi. Haikuwa kazi ngumu, kwa kuwa uamuzi ulikuwa umeletwa na dereva siku ya kwanza, umepigwa chapa na kutiwa jalada la bluu. Tume ilipewa tu jukumu la kuutafutia sababu. Uamuzi ulisema kwamba serikali aipendayo Mungu ni ufalme, na ufalme bora kuliko wote uliowahi kuwapo duniani ni ule wa kale wa Luguna, uliokufa katika nchi yetu miaka mia tatu iliyopita. Hakuna aliyekuwa akijua lolote juu ya ufalme huo, na hilo lilichukuliwa kuwa dalili kwamba haukuwa na kasoro.

*

Hapa lazima niwaeleze utaratibu wetu wa kazi, maana wageni huwa hawauelewi. Katika nchi nyingine nasikia hati husomwa, kisha husainiwa. Kwetu husainiwa kwanza. Kusoma kabla ya kusaini ni dharau. Ni kama kumwambia aliyekuletea kwamba humwamini. Mkubwa akisaini bila kusoma anaonesha ukubwa wake, na mdogo akisaini bila kusoma anaonesha utii wake. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumejenga mahospitali matatu yasiyo na milango na daraja moja refu sana juu ya nchi kavu.

Basi muswada wa ufalme ulipofika bungeni ulipita kwa dakika kumi na moja, pamoja na sala ya kufungua na sala ya kufunga. Kifungu cha kwanza kilisema kwamba asubuhi ya siku ya kutawazwa jamhuri itakoma, na vyeo vyake vyote vitakoma nayo. Kifungu cha pili, ambacho Askofu Mkuu alikitunga mwenyewe baada ya chakula cha mchana, kilisema: "Desturi zote za kutawaza za wafalme wa Luguna, bila kupunguza hata moja, ni agizo la Mwenyezi Mungu. Atakayepunguza hata moja, au kuizuia, atahesabiwa amekufuru na kuhaini kwa pamoja." Adhabu ya kukufuru na kuhaini kwa pamoja ilikuwa kunyongwa mara mbili. Mtukufu akasaini, kamera zikamulika.

Zilipobaki siku kumi, Waziri Bakilana akaja ofisini kwangu anatokwa jasho.

"Karani, desturi za Luguna ni zipi?"

"Mheshimiwa, mimi nilidhani wewe unazijua."

"Mimi nilidhani Askofu anazijua. Askofu anasema alidhani ziko katika jalada la bluu."

Tukatafuta katika maktaba ya taifa. Vitabu vya historia vilikuwa vimeondolewa zamani ili kupisha picha za Mtukufu, na shuleni somo la historia lilikuwa limefutwa, mahali pake likawekwa Somo la Shukrani. Chuo kikuu kikajibu kwa barua kwamba mtu pekee katika nchi nzima aliyewahi kuwahoji wazee na kuandika habari za Luguna ni mwalimu mmoja wa sekondari, jina lake Tegete.

"Huyo huyo!" Waziri akaruka. "Aletwe!"

Tukapiga simu Usalama. Wakatujibu kwamba hawana mtu wa jina hilo, hawajawahi kuwa naye, na kwamba tukiuliza tena watatuhitaji kwa dakika tano. Waziri akaweka simu chini taratibu, akakaa, akaanza kulia, na safari hii hakutazama kama ameonekana.

Bi Nyakwesi alikuwa ametuletea chai. Tangu Tume imalize kazi alikuwa amehamishiwa jiko la wizara.

"Daftari lake lipo nyumbani," akasema.

Waziri akainuka nusu. "Daftari la nani, mama?"

"La mwalimu aliyeandika mambo ya Luguna. Liliachwa kwangu." Akamimina chai bila kumwaga hata tone. "Lakini nasikia sheria imeshapita. Ati hakuna kupunguza hata desturi moja?"

"Hakuna kupunguza, mama!" Waziri akasema kwa fahari. "Hata nukta. Ni agizo la Mungu."

"Basi nitawapa."

Nilitumwa mimi kulifuata. Alikaa chumba kimoja, safi, na juu ya kabati palikuwa na mafungu ya barua yaliyofungwa kwa kamba, kila fungu mwaka mmoja. Nilizitambua kwa muhuri. Alilitoa daftari katika sanduku la nguo, akalifuta kwa kanga, akanipa.

"Sahihi yako nzuri, karani," akaniambia.

Nilitaka kumwambia kwamba niliagizwa, lakini nilijua angeniuliza niliagizwa na nani, na mimi miaka yote saba hakuna aliyekuwa ameniagiza. Nilikuwa nimefuata jalada. Nikaondoka na daftari kwapani, nimefadhaika.

*

Waziri alilisoma daftari mbele ya Mtukufu, saa nne asubuhi, kwa sauti. Jenerali Mbarika, kaka wa mke mkubwa wa Mtukufu, alikuwepo pia, maana alipenda mambo ya familia.

Desturi ya kwanza: mfalme huingia pekupeku. Mtukufu akakubali, alikuwa na miguu mizuri. Ya pili: hunywa uji wa ulezi kwa kibuyu. Akakubali. Ya tatu Waziri aliianza kwa sauti kubwa, na kadiri alivyosoma sauti ikawa inashuka.

"'Siku ya Kuketi Chini. Kabla ya kuvikwa taji, atakayekuwa mfalme huvua kila cheo alichokuwa nacho. Huvaa kaniki kuukuu, huketi chini juu ya jani la mgomba, na kila aliyekosewa naye husimama mbele ya watu wote akamuuliza. Naye hujibu kweli. Haruhusiwi kuinuka mpaka muulizaji wa mwisho amwambie: Nimesikia, inuka. Akiinuka bila kuambiwa, si mfalme, wala hakirudii cheo alichokivua. Kiti humwendea kaka wa mke wake mkubwa. Muulizaji wa mwisho ni mwanamke aliyepika uji wa siku hiyo, kwa sababu mpishi ndiye ajuaye nani hakula.'"

Mtukufu alimtazama Waziri. "Nani aliandika upuuzi huu?"

"Ni desturi, Mtukufu."

"Ipunguzwe."

Waziri akapiga magoti. "Mtukufu, ulisaini. Atakayepunguza ananyongwa mara mbili."

"Desturi nzuri sana," akasema Jenerali Mbarika akirekebisha mkanda wake. "Ina busara. Isipunguzwe." Baadaye fundi cherehani wa jeshi alituambia kwamba Jenerali alikuwa ameshapimwa joho.

Serikali haishindwi na desturi. Ndani ya siku mbili ikatoka Fomu Namba Tisa, Ombi la Kumlaumu Mtukufu, ya kujazwa nakala tatu na kuthibitishwa na mwenyekiti wa mtaa. Kila swali lilipelekwa wizarani, likalainishwa, likarudishwa kwa muulizaji ili alikariri. Waulizaji mia mbili wakateuliwa, wote watu wenye uzoefu wa kushukuru. Jibu la Mtukufu nalo likaandaliwa, likawa moja kwa maswali yote, asije akachanganyikiwa.

Kwa mpishi hawakuona tatizo. "Huyu mama wa chai?" Waziri akasema. "Mwandikie chochote." Hakuwa amewahi kumuuliza jina la mumewe. Mimi nilikuwa nalijua, na nilikuwa na siku nane za kulisema. Nikaandika: "Mtukufu, mbona uji wangu hukuumaliza?" Nikampelekea karatasi. Akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikicheza. Meza ikatulia. Nikarudi ofisini nikanyamaza.

*

Siku ikafika. Uwanja wa gwaride ulijaa tangu alfajiri, na redio ikatangaza moja kwa moja hadi vijijini, kwa kuwa kuzima redio siku hiyo kulikuwa kosa. Saa moja asubuhi bendera ya jamhuri ikashushwa. Mtukufu akavua suti, akavua nishani, akavua miwani, akavaa kaniki na kuketi juu ya jani la mgomba. Wengi wetu hatukuwahi kujua kwamba ana upara. Mbele yake, juu ya meza, taji liling'aa.

Wa kwanza kusimama alikuwa mhasibu wa idara ya maji, machozi yakimlenga.

"Mtukufu, nakulaumu! Kwa nini unafanya kazi mpaka unasahau kupumzika?"

"Ni kwa ajili yenu," akajibu Mtukufu.

Makofi. Akaja mwalimu mkuu. "Nakulaumu, Mtukufu! Kwa nini hukututawala tangu enzi za babu zetu?"

"Ni kwa ajili yenu."

Akaja mama mmoja wa jumuiya ya akina mama. "Kwa nini picha yako nyumbani kwangu ni moja tu?"

"Ni kwa ajili yenu."

Hivyo hivyo mpaka saa tisa alasiri. Jua lilikuwa kali, na Mtukufu alikuwa mtu wa miaka sabini na minne aliyezoea viti. Alianza kuegemea upande huu, mara upande ule. Uji wa kibuyu kizima ulikuwa unadai njia. Alipoitwa muulizaji wa mwisho akashusha pumzi, akanyoosha mkono kidogo kuelekea kwenye taji.

Bi Nyakwesi akasimama mbele yake na aproni yake. Akakishika kipaza sauti kama mtu anayeshika mwiko.

"Uji umeunywa vizuri?"

"Vizuri, mama. Mtamu." Watu wakacheka, wakapiga makofi.

"Nashukuru. Mume wangu, Mwalimu Tegete, yuko wapi?"

Makofi yakakatika. Mtukufu akamtazama Waziri, Waziri akatazama karatasi yake, akaigeuza, akatazama nyuma yake.

"Ni kwa ajili yenu," akasema Mtukufu.

"Sijasikia," akasema Bi Nyakwesi.

"Suala lako linashughulikiwa."

Mimi nilikuwa meza ya makarani. Niliinamisha kichwa.

"Hilo nimelisikia mara themanini na nne," akajibu. "Yuko wapi?"

"Alikimbilia ng'ambo, huyo. Alikuwa na mambo yake na watu wa nje."

"Alitoka na kandambili na chaki. Sijasikia."

"Serikali haina mtu wa jina hilo!"

"Mimi ninaye. Nimezaa naye. Sijasikia."

Mtukufu akawageukia askari. "Mwondoeni huyu!" Kapteni akapiga hatua, akasimama, akafikiri. Alikuwa kijana msomi. "Samahani, mzee," akasema. "Tangu saa moja asubuhi wewe si rais, na mfalme bado. Na atakayeizuia desturi ananyongwa mara mbili." Huko nyuma Jenerali Mbarika akaitikia kwa kichwa, joho likiwa mkononi limekunjwa vizuri.

Nabii Ushindi akajitosa. Akanyoosha kidole. "Nakuamuru, roho ya maswali, toka!" Roho haikutoka. Askofu Mkuu akajaribu kwa hekima zaidi, akaja hadi karibu na kipaza sauti akiwa ameunganisha viganja.

"Binti yangu, mumeo yuko mikononi mwa Mungu. Je, hilo halikutoshi?"

"Baba Askofu, huko najua atafika, alikuwa mtu mwema. Mimi nauliza alipitishwa wapi."

Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita. Watu elfu arobaini walikuwa wamesimama na hakuna aliyekohoa. Mtukufu alikuwa akitetemeka mapaja, midomo imemkauka, macho hayabanduki kwenye taji. Mwisho akapasuka.

"Alikufa! Alikufa siku ya tatu, kifua kilimbana! Walimhoji kidogo tu, hakuwa na nguvu! Walimfukia nyuma ya karakana ya magari ya serikali, pale penye matairi! Haya! Umesikia sasa?"

Redio ilipeleka maneno hayo kila kijiji, kama ilivyoagizwa.

Bi Nyakwesi hakupiga kelele. Alisimama, aproni ikipeperuka kidogo, na nikaona kidevu chake kinacheza. Niliwahi kuona watu wengi wakilia kwa ajili ya serikali. Huyu alikuwa wa kwanza niliyemwona akijizuia.

"Walimlaza kichwa upande gani?" akauliza.

"Sijui." Sauti ya Mtukufu ilikuwa imeshuka. "Sikuuliza."

"Nimesikia," akasema.

Tukangoja neno la pili. Waziri alikuwa ameshalinyanyua taji kwa mikono miwili. Bendi ilikuwa imejaza mapafu. Bi Nyakwesi akarudisha kipaza sauti mahali pake, akavua aproni, akaikunja, akaiweka chini. Akawaendea vibarua waliochimba mashimo ya nguzo za bendera, akawaomba jembe. Wakampa. Akaliweka begani, akaanza kutembea kuelekea lango la mashariki, maana karakana ya serikali iko upande huo.

"Mama!" Askofu Mkuu akaita. "Neno moja tu limebaki! Sema inuka!"

Hakugeuka. Vibarua wakatazamana, wakachukua majembe yao, wakamfuata. Mhasibu wa idara ya maji akatoka kwenye kiti chake cha heshima, akavua koti. Yule mama wa jumuiya akajifunga kanga kiunoni, kama wafanyavyo wanawake wanaokwenda msibani. Kisha uwanja mzima ukaanza kutoka, bila haraka, bila amri ya mtu, watu wakipishana langoni na kuambiana pole. Kapteni alitoka, askari wake nyuma yake. Bendi ikatoka bila vyombo. Mtangazaji wa redio akasema, "Ndugu wasikilizaji, na sisi tunakwenda," akaacha mtambo unavuma.

Mtukufu alibaki juu ya jani lake. Pembeni Jenerali Mbarika alimtazama kwa subira, akingoja ainuke.

Mimi nilibaki kwa sababu ya kazi. Fomu ya kumbukumbu za kikao ina sehemu ya mwisho ambayo lazima ijazwe: "Aina ya serikali iliyopo wakati wa kufunga." Jamhuri ilikuwa imekoma asubuhi, ufalme haujaanza. Sheikh Nasoro alikuwa akivaa viatu vyake karibu na meza yangu, ameinama, anahangaika na kamba.

"Sheikh," nikamwita, "hapa niandike nini? Serikali yetu sasa ni ipi?"

Akamaliza kufunga kamba, akatazama vumbi la watu kule barabarani.

"Andika serikali imekwenda kuzika," akasema, akaondoka.

Nikaandika hivyo, nikatia sahihi. Nyuma yangu Mtukufu alikuwa akiuliza kama kuna mtu aliyebaki. Jembe moja lilikuwa limesahauliwa kwenye shimo la nguzo. Nikalichukua, nikatoka mbio ili niwahi kabla hawajaanza kuchimba.